Bahari Iliyokula Daku

Aliyegundua kosa hakuwa mtu wa bahari hata kidogo. Alikuwa Mudrik, muuza vipuri vya friji wa Darajani, mtu ambaye akipanda boti ya kwenda Dar es Salaam hufumba macho tangu bandari moja mpaka ya pili. Jioni ile alikuwa amekaa nyumbani kwao Jang'ombe akisubiri chakula, na mkewe, Daktari Muzdalifa Simai, alikuwa ametandaza kazi yake juu ya meza nzima, sahani hazina pa kukaa. Mudrik akavuta karatasi moja ili bakuli la mchuzi lipate nafasi. Akaitupia jicho. Ilikuwa na mstari mwekundu unaopanda na kushuka, na chini yake tarehe na saa.

"Muzda, hii nini?"

"Joto la bahari ya Bwejuu. Kaskazi nzima iliyopita, nusu saa kwa nusu saa."

"Na mwezi huu hapa ndo ilikuwa Ramadhani, au sio?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Basi mbona bahari yako inakula daku?"

Muzdalifa alicheka. Mudrik ni mtu wa mzaha, na ukikaa naye miaka ishirini unajifunza kucheka kabla hujasikiliza. Lakini safari hii mumewe alikuwa ameweka kidole juu ya karatasi. Kabla ya mwezi kuandama, mstari ulikuwa na vivimbe viwili kila siku, kimoja kabla ya adhuhuri na kingine magharibi. Ramadhani ilipoingia, kivimbe cha mchana kikatoweka. Badala yake kikaja kikubwa cha alasiri, na kingine kidogo saa tisa za usiku. Siku ya Idi, asubuhi na mapema, mstari ulipanda kuliko siku zote.

"Hapo watu wanapika pilau," alisema Mudrik. "Mie nna njaa, ndo maana nnayaona haya."

Muzdalifa akaacha kucheka. Alivaa miwani, akaitazama karatasi kama hajapata kuiona, na yeye ndiye aliyeichapisha. Bahari haifungi. Haipiki futari, haina habari kama mwezi umeandama au haukuandama. Kama mstari huu ulikuwa umefunga Ramadhani, basi kipimajoto chake hakikuwa baharini. Mudrik, maskini, ambaye kosa lake lilikuwa njaa tu, alijipakulia mwenyewe akala kimya.

Watu wa mjini wakisikia mtaalamu wa bahari hudhani ni mtu wa kupiga mbizi na kucheza na pomboo. Wanakosea. Muzdalifa sehemu kubwa ya maisha yake ameishi na namba, na namba hazina mbwembwe. Alizaliwa Bwejuu, mama yake akafa siku ileile, na baba yake akahamia Pemba na kuoa huko. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Mwanapili, mkulima wa mwani. Tangu akiwa mdogo alikuwa akimfuata shangazi pwani siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na wanawake wakashuka kwenye mashamba yao kufunga mwani kwenye kamba. Kaskazi moja, msimu wa joto, alipokuwa na miaka kama kumi, mwani wote ule mnene, ule wanaouita kotonii, ukageuka mweupe na kukatikia mikononi. Bi Mwanapili akatia mkono majini akautoa. "Maji yamekuwa mchuzi," alisema. Mtoto akauliza kwa nini. Hakuna aliyemjibu, na nafikiri ni hilo tu lililompeleka sekondari ya mjini, halafu chuo kikuu Dar es Salaam, halafu Bergen kule Norwei, kwenye baridi inayouma meno, akarudi na shahada ya udaktari na swali lake lilelile.

Aliporudi, taasisi yake ya mjini ilimpa vipimajoto vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vya kufungwa kwenye vigingi chini ya maji. Kidude hicho hupima joto na kuhifadhi vipimo ndani yake mpaka kije kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta. Alivitega ndani ya mwamba, kutoka ufukweni mpaka karibu na mlango, pale mwamba ulipokatika na bahari kuu inapoingia. Wanawake wa mwani ndio aliowakabidhi. "Hii ni amana yangu kwenu," aliwaambia. "Kisikauke tu. Kisikauke." Kwa miaka kumi na moja havikukauka, na Muzdalifa akawa na jambo ambalo wenzake wengi hawana, yaani kumbukumbu ndefu ya maji ya sehemu moja. Kumbukumbu hiyo ilisema lile ambalo Bi Mwanapili alilisema zamani kwa mkono wake, kwamba maji yanazidi kuwa mchuzi.

Ndipo akaenda Bergen kwa miezi saba, kazi ya kubadilishana watafiti, na aliporudi akakusanya vipimajoto vyote akavisoma. Vyote vilionesha kaskazi kali, isipokuwa kile cha mlangoni, alichokitega pale kwa mara ya kwanza kabla tu ya kuondoka. Kile kilisema maji yalikuwa baridi, baridi tulivu, kaskazi nzima. Na kila bamvua mstari uliruka juu kidogo, kisha ukateremka tena taratibu. Muzdalifa alikaribia kucheza ngoma ofisini. Akaona kwamba maji ya kilindini yanapanda pale mlangoni, na kwamba kila bamvua maji ya moto ya ufukweni yanachanganyika nayo kidogo. Huo mruko wa bamvua aliuandikia ukurasa mzima. Mahali pale akapaita Kisima cha Baridi.

Sasa uelewe kwa nini usiku ule hakula. Mwezi uliofuata alikuwa atoe mhadhara wake wa kuingia uprofesa, na Kisima cha Baridi ndicho kilikuwa roho ya mhadhara. Hilo ni la kwanza, na mtu angeweza kulimeza. La pili lilikuwa zito zaidi. Alikwishakwenda Bwejuu akawaambia wanawake kwamba kama wanataka kotonii yao isife kaskazi ijayo, waihamishie mlangoni. Kule maji ni ya kifuani na mkondo unavuta, na nusu yao hawajui kuogelea. Walikubali kwa sababu ni yeye, mtoto wao, aliyesema, na Bi Mwanapili ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyua mkono.

Asubuhi akaendesha gari yake ndogo kwenda Bwejuu. Pale Jozani akasimama kuwapisha kima waliokuwa wakivuka barabara bila haraka, akawaonea wivu.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

"Mie, Muzda. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona Jumatano? Kuna maiti?"

"Hakuna maiti. Nimekuja kukutazama."

"Nitazame basi. Nimo."

Bi Mwanapili alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi, mwanamke mfupi aliyepita miaka sabini, ulimi wake ungali mkali kuliko meno ya mbuzi hiyo. Muzdalifa akainama kumsaidia, na macho yake yakaangukia kwenye kona karibu na mafiga. Palikuwa na mtungi. Tumbo la mtungi lilikuwa limeota ukoko mweupe pande zote. Akaupitisha kidole, akauonja. Chumvi.

"Shangazi, mtungi huu ulitia nini?"

"Amana yako," alijibu Bi Mwanapili, na uso wote ukamchangamka. "Vuli bahari ilichafuka, kigingi cha mlangoni kikang'oka. Nnashuka pwani nnakikuta kidude chako na boya lake kinagaragara mchangani. Nikakumbuka ulivyotuusia, kisikauke, ulivyokuwa ukirudia kama sisi viziwi. Basi nikakitia mtungini, maji yaleyale ya pwani, nikafunika kawa. Kila bamvua nikishuka mwani narudi na ndoo ya maji mapya, ya zamani namwaga. Baada ya Idi, Mzee Kificho ndo akapata nafasi na ngarawa yake, akapiga kigingi kipya, akakirudisha palepale. Hakikukauka hata siku moja, wallahi."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Ingepotea ndo ningekwambia."

Yote yakampitia Muzdalifa kwa mpigo. Ubaridi ule ulikuwa ubaridi wa mtungi wa udongo unaotoa jasho kivulini. Vile vivimbe vilikuwa moto wa mafiga, chakula cha mchana na cha jioni, futari na daku. Na ule mruko wa kila bamvua, aliouandikia ukurasa mzima, ulikuwa ndoo ya shangazi yake. Alitaka kusema. Akamtazama bibi yule alivyokaa na fahari yake juu ya mbuzi.

"Ahsante, shangazi," alisema. Akakuna nazi iliyobaki, wakala muhogo wa nazi, akarudi mjini.

Alimweleza Profesa Anwar, mkuu wa kitengo chake, mtu mwema asiyependa makelele. Anwar alicheka mpaka akafuta macho, kisha akampa ushauri wa mtu mzima. "Sema kipimajoto kiliharibika. Vifaa huharibika kila siku, hakuna atakayeuliza. Wanawake waambie wasubiri. Utajisitiri wewe, na mzee wako utamsitiri." Ulikuwa ushauri wa huruma, na sisi watu wa visiwani tunapenda sana kusitiriana. Muzdalifa aliukubali. Nami sioni kwa nini nimlaumu.

Siku chache baadaye alikaa ofisini kuikata ile miezi ya mtungini kutoka kwenye kumbukumbu yake. Alikuwa akiufuata mstari kwa kidole, akimwona shangazi yake anavyowasha jiko asubuhi hii na jioni ile, na kusema kweli alikuwa akifurahia. Alipofika Januari kidole kikasimama. Mstari ulikuwa umelala. Hakuna kivimbe cha mchana, hakuna cha magharibi. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata, na zilizofuata. Jiko halikuwashwa. Lakini katikati ya siku hizo za jiko kufa, ilipofika bamvua, mstari uliruka juu kidogo. Maji ya mtungi yalikuwa yamebadilishwa.

Akachukua simu akarudi nyuma mpaka tarehe zile. Alikuwa amempigia shangazi kutoka Bergen, theluji ikianguka dirishani, na Bi Mwanapili alisema, kama anavyosema siku zote, kwamba ni mzima wa afya na yeye huko ajifunike vizuri. Muzdalifa akalia palepale, mlango wa ofisi wazi, wala hakujali nani anapita. Bibi wa miaka sabini na kitu, mgonjwa wa kushindwa hata kuinjika sufuria, alikuwa ameteremka pwani na kupanda na ndoo ya maji kwa ajili ya kidude chake. Baada ya hapo kusimama mbele ya watu na kusema kifaa kiliharibika aliona ni tusi. Hakikuharibika. Kilitunzwa.

Akarudi Bwejuu, akaitandika karatasi juu ya mkeka, akasema yote kuanzia mwanzo. Bi Mwanapili alisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kwa hiyo nimekuharibia," alisema.

"Hukuniharibia. Mie ndo nilosema kisikauke, nikaona nshamaliza. Sikuwaambia kwamba kikitoka baharini basi, kazi yake imekwisha, bora kikauke."

"Bora kikauke?"

"Bora kikauke, shangazi."

"Subhanallah! Na mie nnabeba ndoo!"

Wakatazamana, na Bi Mwanapili ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kukohoa kilichomtoa machozi. Muzdalifa alingoja kikatulia, kisha akaweka kidole kwenye Januari.

"Na siku hizi hapa hukupika."

Bi Mwanapili aliitazama karatasi kama mtu anavyomtazama jirani aliyemchungulia dirishani. "Kidude hiki kinasema mpaka hayo?"

"Kinasema."

"Ilikuwa homa. Homa tu. Mwanakheir wa hapo jirani alikuwa akiniletea uji."

"Nilikupigia simu ukanambia mzima."

"Ungefanya nini? Upande ndege uje unikorogee uji?"

"Na ndoo ukaenda kuchota."

"Bamvua ilikuwa imefika," alisema Bi Mwanapili, akishangaa kuulizwa. Muzdalifa akamshika mkono, mpaka shangazi alipouchomoa kumfukuza kuku aliyeingia ndani.

"Sasa hao wenzangu wasihamie mlangoni?"

"Wasihamie. Joto la kule silijui."

"Basi nyanyuka. Wanaanza bamvua hii."

Wanawake walikuwa barazani kwa Salhiya, wanafunga kamba mpya. Kabla Muzdalifa hajafungua kinywa, Bi Mwanapili alikwishaimwaga hadithi yote kwa sauti ya harusini, yeye mwenyewe na mtungi wake na daku yake. Walicheka, wakapigana makofi mabegani, mmoja akalala chini kabisa. Salhiya, ambaye akiogopa kitu duniani ni maji ya kifuani, hakucheka mara moja. Aliweka kamba chini. "Ningekufa maji mie," alisema, "kwa mtungi wa mtu." Ndipo naye akacheka, akambusu Muzdalifa kichwani.

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Bi Mwanapili alikaa mbele kabisa na buibui jipya, Mudrik ubavuni pake, kazi yake kumtafsiria maneno makubwa, na kwa kuwa mengine hata yeye hayajui, aliyatunga. Muzdalifa alionesha miaka yake kumi na moja. Alieleza jinsi siku za maji ya moto zinavyoongezeka, na kwa nini mwani mnene unakufa. Kisha akauweka ukutani ule mstari mwekundu.

"Hili nililiita Kisima cha Baridi," alisema. "Hiki ni kipimo sahihi kabisa. Ila si cha bahari. Ni cha jiko la shangazi yangu, Bi Mwanapili, aliyeko hapa mbele, na ndiye aliyeniamuru nimtaje."

Akawaonesha daku na futari na pilau ya Idi, na ukumbi ukavunjika mbavu. Akawaonesha miruko ya ndoo, na jinsi yeye, na usomi wake wote, alivyoisifia, na hapo wakacheka kidogo tu, maana wengi mle ndani wana miruko yao. Siku za Januari alizipita bila kusema kitu. Alipomaliza, mgeni mmoja akauliza mtungi unawezaje kukaa baridi namna ile kaskazi nzima. Mudrik akatafsiri vibaya au vizuri, Mungu anajua, lakini Bi Mwanapili alijibu kutoka palepale alipokaa. "Mtungi wa Pemba huo! Si hizi ndoo zenu za plastiki."

Uprofesa aliupata, kwani miaka kumi na moja ilisimama yenyewe bila kisima. Kisima chenyewe kilimuuma, tusidanganyane. Alikuwa amekipenda. Lakini swali lilibaki pale mlangoni na hakuna aliyelijibu, na mtu wa aina yake akiwa na swali na kigingi hana sababu ya kununa.

Bamvua iliyofuata walikwenda na Mzee Kificho kupiga kigingi kipya mlangoni, safari hii cha chuma na mnyororo. Waliporudi, Bi Mwanapili aliingia jikoni moja kwa moja na ndoo yake ya maji ya pwani. Mtungi ulikuwa umesuguliwa, chumvi yote imetoka. Akanyoosha mkono.

"Lete na kidude cha mtungi."

"Cha nini tena, shangazi?"

"Mie kusema naumwa siwezi. Ulimi hautaki, tangu utoto wangu. Kiache hapa kikwambie."

Muzdalifa aligeuka akajifanya anatafuta kitu mkobani, mpaka sauti yake ikawa tayari. "Lakini shangazi, vidude hivi havipeleki habari kwa simu. Mpaka nije mwenyewe, nikitoe, nikisome."

Bi Mwanapili alikuwa ameshaanza kumimina maji.

"Ndo maana nnakitaka," alisema.